Jina Nililompa Mtoto wa Watu

Fundi aliyetujengea nyumba pale Nchelenge aliniona sina akili. Kila mtu mwenye busara kando ya ziwa Mweru aliuacha ukuta wa magharibi mtupu, maana jua la alasiri hulipiga ziwa kwanza, kisha huingia ndani likiwa na hasira mara mbili. Mimi nilitaka dirisha ukutani hapo hapo. Mume wangu alijaribu kwa upole, akasema labda tuliweke upande wa barabara nipate kuwaona wagonjwa wakija. Nikamwambia wagonjwa watagonga mlango. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nina cheti cha ukunga ndani ya sanduku la bati, na sikuzoea kubishiwa na mtu anayekanyaga udongo kwa miguu.

Dirisha likawekwa. Nilitaka kuona kwetu, basi. Mvua ikinyesha vizuri na hewa ikisafika, asubuhi milima ya Kongo hujitokeza ng'ambo ya maji, ya buluu, mirefu kuliko unavyoikumbuka, na chini ya milima ile ndiko alikokuwa mama yangu. Kiangazi kikifika na watu wakianza kuchoma nyasi, moshi huifunika yote. Nilikaa miezi mitatu, minne, naangalia ukungu wa rangi ya kahawia. Hiyo ndiyo miezi niliyokuwa mkali. Wanawake wa pale walilijua jambo hili kabla sijalijua mwenyewe, na wenye shida ndogondogo walingoja mvua.

Nilizaliwa kijiji cha wavuvi karibu na Kilwa ya ziwani, si ile ya bahari, upande wa Kongo uliokuwa wa Wabelgiji. Baba alikufa mapema. Mama alikuwa mkausha samaki, mwanamke mfupi mwenye mikono iliyonuka moshi hata siku ya Jumapili. Nilipotimiza miaka minane alinipeleka kwa masista, akaniacha mlangoni na kifurushi cha samaki aina ya mpumbu kwa ajili ya mkuu wa shule. Shangazi zangu walisema mtoto wa kike anayelelewa na wanawake wasio na waume atajua nini? Mama akawajibu kwamba atajua kusoma. Nikasoma. Kutoka hapo nikaenda Elisabethville miaka miwili kujifunza ukunga, na nikarudi najua kuchemsha mkasi, kupima tumbo kwa vidole, na kuandika kwa Kifaransa kiasi cha damu aliyopoteza mzazi. Mama alikuwa ameshaongea na kila mtu pwani nzima ya kwetu. Binti yake atafanya kazi kwenye zahanati ya kwao. Atawapokea watoto wa wale wale waliosema atajua nini.

Halafu akaja mwanamume kutoka upande wa Waingereza, anauza nyavu, akaona viatu vyangu vya mjini kwenye matope ya pwani, akacheka. Sikuwahi kuchekwa na mtu mwenye macho mazuri kama yale. Nitaandika nini zaidi? Baada ya miezi mitano nilikuwa nafunga sanduku langu la bati.

Mama hakupiga kelele. Aliendelea kugeuza samaki wake juu ya uchanja. Akasema, "Kama unavuka, vuka. Lakini ujue, mi sina mutoto ng'ambo ya maji." Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu kwa muda wa miaka sita.

Nilituma salamu kwa kila mtumbwi uliokuwa unarudi kule. Nilituma chumvi. Nilituma kikwembe cha rangi ya samli, kitambaa kizuri cha kujifunga, na baada ya wiki mbili yule mvuvi alikirudisha kikiwa kimekunjwa vile vile, akaniwekea mlangoni, akaangalia miguu yake. Mwaka wa pili nikatuma kingine, cha manjano chenye maua mekundu. Hicho hakikurudi. Wala jibu halikuja. Nikajiambia amekitupa, au amempa mtu asiyemjua. Kila mara nilipopita sokoni nikaona manjano, moyo ulinishuka.

Kazi sikuikosa. Wakati ule hospitali ilikuwa mbali, na lori la samaki halimngoji mtu mwenye uchungu. Nilitenga chumba cha nyuma cha nyumba yetu, nikakipaka chokaa, nikaweka kitanda cha miti, jiko la mafuta ya taa, sufuria na mkasi. Wanawake walikuja kutoka vijiji vya wavuvi na hata kutoka Kafutuma, wengine kwa miguu, wamejishika kiuno. Walinikuta na sheria zangu: kunawa, kukata kucha, shangazi wote nje isipokuwa mmoja. Niliwaandikia pia barua kwa waume zao walioko migodini, na niliwasomea majibu, na pale ambapo jibu lilikuwa la kipumbavu nililisoma kwa sauti ya kipumbavu. Lugha yao ni Kibemba, nami nilikisema vibaya miaka mingi. Kiswahili changu cha Kongo kilieleweka na wale waliofanya biashara na watu wa kwetu, na hao hawakuwa wachache.

Mmoja wao alikuwa mama mzee aliyekuwa nachimbusa wa pale, yaani yule anayewafundisha wasichana mambo ya utu uzima na kuwaongoza wanaojifungua. Ujanani aliuza samaki Kasenga, upande wa Kongo, akarudi na Kiswahili. Nusu ya mji ule ilikuwa imepita mikononi mwake kabla sijafika na mkasi wangu. Mwaka wa kwanza hatukupendana kabisa. Alinusa dawa yangu ya kuulia vijidudu akauliza kama nataka kumtoa mtoto au kumfukuza. Mimi nilimwambia kucha zake ni ndefu. Baadaye tulipatana bila kuandikiana mkataba: kitovu nitakata mimi, na jina atatoa yeye. Mambo ya majina sikuyaingilia. Binti yangu mwenyewe alipewa jina la marehemu shangazi yake mume wangu, nami nikiwa kitandani na homa ya uzazi, sijui hata ni siku gani. Niliamka nikamkuta ana jina. Kuna jina jingine nililotaka kulisikia ndani ya nyumba ile, lakini nani angeniuliza?

Sasa nifike kwenye kosa langu.

Ilikuwa katikati ya majira ya mvua. Msichana mmoja, mke wa mshona nyavu, alikuwa amezika watoto wawili kabla hawajamaliza wiki. Wa tatu nilimpokea mimi, mchana, baada ya kazi ngumu ya siku nzima na nusu, mtoto wa kike mwenye kichwa kilichobonyea na sauti ya kutosha watoto wanne. Kitovu kilipokauka na kuanguka, nachimbusa akaenda nyumbani kwao kumpa jina. Desturi yenyewe nilikuwa nimeiona juu juu. Wanamtajia mtoto jina la mtu wa ukoo, wanamtazama. Akinyamaza, jina limekubaliwa. Akiendelea kulia, amelikataa, wanajaribu jingine.

Huyu aliyakataa yote. Siku tatu. Nachimbusa alimaliza bibi wa upande wa mama, akamaliza bibi wa upande wa baba, akaingia kwa wajomba. Mtoto analia tu, tumbo limekaza, magoti yamepanda juu. Mama yake alikuwa amekaa ukutani na uso wa mtu anayeona kaburi la tatu. Siku ya tatu wakaniita. Nilisimama mlangoni nimekunja mikono, nikiwa na uhakika wangu wa Elisabethville kwamba yule mtoto ana gesi.

Nachimbusa aliniangalia kwa macho mekundu. "Yetu imeisha," akasema. "Ni weye ulimupokea. Leta jina ya kwenu."

Nikamchukua mtoto, nikamlaza begani, nikaanza kumpigapiga mgongo kama tulivyofundishwa. Mlango ulikuwa wazi. Asubuhi ile hewa ilikuwa imeoshwa, na milima ya kwetu ilisimama yote, kila bonde lake. Nikalitaja jina la mama yangu.

Sikuwa nimelitamka kwa miaka sita. Tena nani humwita mama yake kwa jina? Nililisema kwa sauti ya kawaida, halafu nikalirudia kwa sababu lilikuwa tamu mdomoni. Mtoto akacheua, mcheuo mkubwa wa mtu mzima aliyeshiba, akajikunjua, akalala begani kwangu.

Nachimbusa alipeleka mkono kichwani, akafungua kitambaa chake taratibu, akakiweka mapajani. Mama wa mtoto akaanza kutoa machozi. Mimi nikadhani jina limewagusa, na kweli jina la mama ni zuri. Nikamrudisha mtoto kwa mama yake, nikawapa maelekezo ya kunyonyesha, nikaenda zangu nyumbani moyo mweupe. Jioni nilipika sombe, yaani majani ya muhogo, ambayo wao huita katapa, nikamwambia mume wangu kwamba sasa kuna mtu mwenye jina la mama yangu upande huu wa ziwa. Alikuwa ametoka kwenye nyavu, anasinzia juu ya sahani. Akasema vizuri.

Kesho yake alitoka alfajiri, na mimi nilifungua mlango nikakuta ua umejaa wanawake. Wengine wameketi chini, vichwa wazi, vitambaa vimefungwa kiunoni. Kando ya ukuta kulikuwa na vikapu vya unga wa muhogo na kuni zilizofungwa kwa kamba za magome. Aliyekuwa mbele akainamisha kichwa akasema, "Mwaculeni, mukwai." Hayo ndiyo maneno ya pole wanayompa mfiwa, na mukwai ni neno lao la heshima, la kumwitia mtu na la kuitikia unapoitwa. Niligeuka nyuma kuangalia ni nani anayepewa pole.

Hapakuwa na mtu.

"Nani alikufwa?" nikauliza.

Nachimbusa akanishika mkono. "Mama, usifiche tena. Ulituficha mingi. Jana umemutaja weye mwenyewe."

Nikamwambia mama yangu ni mzima. Akatikisa kichwa kwa huruma, nami huruma ya mtu asiyesoma sikuwa naiweza. Akanieleza pole pole, kama ninavyowaeleza wao kuhusu maji ya kuchemsha, kwamba jina la kwanza kabisa, lile la kitovu, halitoki kwa mtu anayepumua. Ni la aliyeondoka. Anarudi nalo kumlinda mtoto. Jina la rafiki aliye hai mtoto atapata baadaye, akikua, la kuchezea. Kila msichana wa pwani hii analijua hilo akiwa na miaka kumi. Na kweli, ukifikiria, kila msichana wa pwani ya kwetu pia. Mimi nikiwa na miaka kumi nilikuwa kwa masista naimba Kilatini.

"Mama yangu ni muzima!" nikapiga kelele. "Iko kule, anakausha samaki!"

"Bote banasema vile siku ya kwanza," nachimbusa akawaambia wenzake.

Wakaanza kulia. Nimesikia vilio vingi maishani mwangu, na kile kilikuwa cha haki, hawakupunguza kitu. Walimlilia mwanamke wasiyemjua, na ndani ya kilio hicho kila mmoja aliingiza wake. Yule msichana wa mshona nyavu alikuwa amekaa karibu na mlango na mtoto kifuani, analia kuliko wote, kwa sababu mama yangu amekuja kumlindia mwanawe. Nilijaribu kuwatoa. Nilichukua kikapu kimoja cha unga nikakiweka nje ya ua, wakakirudisha. Mwishowe niliingia chumba cha nyuma, nikafunga mlango, nikawasha jiko, nikachemsha mkasi uliokuwa safi tangu jana. Nikauchemsha tena. Sikutoa chozi hata moja, na nilijisifia.

Karibu na saa sita nikawakumbuka wavuvi watatu wa kwetu. Walikuwa wamekuja kubadilisha samaki kwa chumvi, na tangu asubuhi walikuwa wamekaa kando ya vichanja vya kukaushia samaki, hatua chache kutoka uani kwangu. Walisikia kila kitu. Nilitoka mbio bila viatu. Mtumbwi wao ulikuwa mbali majini, unaonekana kama kijiti.

Ndipo nikaogopa. Mama atasikia nini? Kwamba binti yake amelitoa jina lake kwa kitovu cha mtoto. Kwamba amewaketisha watu matanga. Kule kwetu mtu anayekufanyia hivyo ukiwa hai anakuombea ufe, hakuna maana nyingine. Miaka sita nilikuwa namwomba mama afungue mlango, na sasa nilikuwa nimempa sababu ya kuufunga hadi mwisho. Nilikaa pale mchangani nikaita "Mama" kwa sauti, mimi mtu mzima, hadi mume wangu akanikuta.

Alitaka kunivusha kesho yake. Nilifunga kifurushi. Lakini asubuhi walifika wanawake wawili kwa mara moja, mmoja ana uchungu na mwingine mtoto amekaa vibaya tumboni, na nachimbusa akakiangalia kifurushi changu. Nikafungua kifurushi. Mume wangu akampata mvuvi mwingine, akampa maneno ya kupeleka: hakuna aliyekufa, ni kosa, mwanao anakuomba. Nikarudi chumba cha nyuma. Yule wa pili alinichukua siku mbili, wakapona yeye na mtoto. Halafu wakaja wengine. Katikati ya kazi nilikuwa natoka kwenda dirishani mikono ikiwa na sabuni. Milima ilikuwa wazi kila siku, siku tisa mfululizo, na sikuwahi kuichukia kama wiki ile. Unaiona yote hivyo, na haikuambii neno.

Siku ya kumi boti ya mfanyabiashara wa samaki, ile yenye injini, ilikuja kuchukua mzigo. Niliisikia nikiwa nafua. Nikainua kichwa. Wanawake waliokuwa wanaparua samaki walikuwa wamesimama, visu mikononi. Juu ya makapu matupu, katikati ya boti, alikuwa amekaa mwanamke mfupi, mgongo wima, amejifunga kikwembe cha manjano chenye maua mekundu.

Kilikuwa kimechuja. Kilifuliwa mara nyingi mno, maua yamebaki ya waridi hafifu, na pindo limeshonwa upya kwa uzi mweusi. Kikwembe kile kilikuwa kimevaliwa kila siku kwa miaka. Nilikiona kabla sijamwona uso.

Walimshusha. Akakung'uta miguu yake, akawaangalia wale wanawake waliokuwa wanarudi nyuma. "Musinikimbie, mi si pepo," akasema. "Nilisikia nimekufwa. Nikasema acha niende nione kaburi yangu. Iko wapi?"

Mimi nilikuwa nimepiga magoti mchangani na nguo za watu zimenidondoka. Akaja hadi nilipo, akasimama mbele yangu.

"Mi nilikuzika na kinywa," akasema. "Weye umenizika na jina. Bon. Tuko sawa. Simama, umekonda."

Nilimweleza yote njiani, nikijikwaa, kuhusu gesi, kuhusu milima, kuhusu jina lilivyonitoka. Nilisema sikujua. Akasimama katikati ya njia. "Najua hukujua. Wakati wenzako banafundishwa, mi nilikupeleka kwa masista. Kosa ni yangu." Halafu akaendelea kutembea. Ni mara pekee niliyomsikia akikubali kosa, na hata hilo alilisema kama mtu anayemkaripia mwingine.

Nyumbani akambeba binti yangu, akamkagua masikio na vidole, akasema anafaa. Akaletewa mtoto mwenye jina lake. Alimtazama yule mtoto kwa heshima kabisa, akamsalimu kama mtu mzima mwenzake. Kufikia hapo ua ulikuwa umejaa tena, wanawake wale wale, wamejawa na haya. Nachimbusa alikuwa mbele, hajui aangalie wapi.

Mama akaomba mkeka. Akaketi, akanyoosha miguu, akapanga kikwembe chake.

"Bon," akasema. "Sasa munililie. Nataka nisikie mulinililia namna gani."

Walicheka. Mmoja akasema haiwezekani, mukwai, mtu yuko hapa. Mama akasema unga walileta, kuni walileta, na yeye amevuka maji. Hatarudi bila kusikia. Wakasukumana. Mwishowe nachimbusa akafumba macho akaanzisha, sauti ya chini, wenzake wakapokea wakiwa bado wanacheka kidogo. Halafu hawakucheka tena. Kilio kikianza vizuri hakiulizi kama mwenyewe yuko hai. Mama alisikiliza ameinamisha kichwa, akitikisa mara mojamoja. Katikati akawasimamisha: "Muongeze ya samaki. Nilikausha samaki mingi, nikasomesha mutoto." Wakaongeza ya samaki.

Walipomaliza akashukuru. Kisha akamgeukia nachimbusa.

"Na mutoto yangu? Siku ile yeye alilia namna gani?"

Nachimbusa angeweza kunifichia. Nilimwomba kwa macho. Akavuta pumzi akasema, "Alichemusha mukasi."

Wanawake wote wakaangua kicheko, hata yule wa mshona nyavu. Mama hakucheka. Alinitazama tu, na mikono yake ilikuwa imelala mapajani, ile mikono, ikinuka moshi hadi nilipokuwa nimesimama. Watu baki walikuwa wamemlilia. Mimi niliyetoka tumboni mwake nilikuwa nimejifungia na sufuria.

Nikaketi chini kando yake, na sikujua naanzaje. Nikaanza tu. Nilimlilia mama yangu akiwa pembeni yangu anapumua. Nilisema, mama, umeniacha na nani. Nilisema, mama, nilikuona kila asubuhi na hukunijibu. Nilitaja mlango wa masista na kifurushi cha mpumbu, nilitaja kikwembe kilichorudi, nilitaja na viatu vyangu vya mjini. Nililia mpaka sauti ikakwaruza, na hakuna aliyenisaidia kuitikia, waliniachia peke yangu. Nilisikia mkono wake ukija kukaa shingoni mwangu, mzito, mkavu.

"Ndiyo," akasema. "Vile. Mi nasikia."

Alikaa siku kumi na moja, hadi boti iliporudi. Aligombana na nachimbusa kuhusu namna ya kukausha samaki, wakapendana sana. Alasiri, wakati kila mtu mwenye akili amejificha upande wa kivuli, alikaa kwenye dirisha langu la magharibi na jua lote usoni. Siku moja akasema, "Kumbe huku munatuona."

Nikamwuliza kama kule kwetu nao wanatuona sisi.

"Hatuone kitu," akasema. "Huku kwenu ni chini, hakuna mulima. Mi nilikuwa naangalia maji tu."

Miaka sita, maji tu. Nilikwenda jikoni nikajifanya natafuta chumvi.

Alivuka kurudi kwake akiwa amejifunga kikwembe kile kile cha manjano. Kile cha rangi ya samli nilikitoa sandukuni, akakipokea safari hii, akakikunja chini ya kwapa. Akasema atarudi baada ya msimu wa samaki. Kila msimu ulikuwa na sababu yake, mguu, uchanja ulioanguka, mjukuu wa ndugu yake. Mimi pia nilikuwa na wajawazito wangu wa chumba cha nyuma. Salamu zilivuka kila mwezi, samaki wake walivuka, na mimi sikuvuka.

Mvua ya tatu baada ya hapo mvuvi alikuja na kifurushi, akakiweka mlangoni, akaangalia miguu yake. Nilijua kabla hajafungua mdomo. Mama alikuwa ameshazikwa, wiki tatu zimepita. Ndani ya kifurushi kulikuwa na kikwembe cha manjano.

Nachimbusa alikuja peke yake, bila unga, bila kuni. Aliketi nami uani. Akasema, "Huyu tulishamulilia, mama. Na yeye alisikia. Hatuwezi kumulilia mara mbili." Nikasema najua. Na kweli machozi hayakuja; nilikuwa nimeyatoa yote siku ile, mbele ya mwenyewe. Wako wachache wanaopata hivyo, najiambia hadi leo. Lakini siku ile haikunitosha. Nilikuwa nataka kilio kipya, nataka ua ujae watu, nataka kuchemsha hata mkasi.

Nachimbusa alipoondoka niliingia ndani nikasimama dirishani. Milima ilikuwepo. Nikafungua mdomo nikaliita jina la mama, kwa sauti, lote, jinsi mtu asivyopaswa kumwita mama yake.

"Mukwai!"

Sauti ndogo iliitikia kutoka nyuma ya nyumba. Kisha miguu ikakimbia, na mtoto wa mshona nyavu akatokea mlangoni, miaka mitatu, magoti yana matope. Akasimama kwa adabu akingoja nimtume.

Sikuwa na la kumtuma. Nikamwambia nilitaka tu kuita. Akanitazama kidogo, akaona hakuna zaidi, akakimbia kurudi kwenye mchezo wake.

Nikamwita tena.